Mturudishie Mchawi Wetu

Kamina, tarehe 9 Juni 1985

Kwa Padri Amédée, Mkuu wa nyumba ya kulelea vijana, misioni karibu na Kaniama

Padri mheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Nimepata barua yenu inayouliza kama Mwadi anaweza kurudi kwangu moja kwa moja mwezi wa saba. Jamaa za marehemu mke wangu Ngalula wamenituma nikatae, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma kidogo. Kabla ya kukataa, tuna malalamiko.

Mnakumbuka mtoto tuliyewakabidhi. Baba yake, askari wa kambi, alihamishwa akamwacha kama kitanda kibovu, Ngalula akamchukua. Ngalula alipokufa, jamaa walikaa matangani wakaona kwamba Mwadi ndiye aliyemla kwa uchawi. Basi mtoto akavunja sahani, akamng'ata shemeji yangu Ndaya, akalala sokoni. Watu wakasema, si mnaona? Tulikuwa na mchawi kamili. Likizo ya Pasaka mmetuletea nini? Msichana anayesalimia.

1. Zamani kuku wakifa, tulijua ni nani. Pasaka walipokufa kuku wa Ndaya, ikaonekana kwamba Ndaya hakufunga banda. Mwanawe amefeli hesabu, na sasa inasemekana hakusoma. Padri, watu wazima waishi namna hii mpaka lini?

2. Tumesikia kwamba kwenu fimbo hakuna. Jioni vijana wanakaa duara, na mwenye hasira anasema kwanza kinachomuuma. Tabia hii Mwadi ameileta uani kwangu. Ndaya aliingia akisema, "Weye mulozi, ulirudia kumaliza bantu bengine?" Zamani Mwadi angeokota jiwe, na sote tungeelewana. Safari hii alimsogezea kiti. "Ikala kwanza, mama mudogo. Sema nini njo inakuuma." Ndaya akafungua mdomo ili atukane, akalia. Alilia mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Alisema hakwenda hospitalini kumwona dada yake hata mara moja, kwa sababu aliogopa. Padri, hiyo ilikuwa siri ya jamaa, na tulikuwa tumeihifadhi vizuri juu ya mtoto wa watu.

3. Hili ni langu peke yangu. Ngalula alikuwa akikwangua ukoko wa bukari na kumwekea Mwadi kwenye kifuniko cha sufuria. Pasaka, Mwadi alikwangua ukoko akaniwekea mimi, kwenye kifuniko kilekile. Nilikuwa nimeanza kuzoea nyumba kimya. Sasa kila jioni nasikia sufuria ikikwanguliwa, na nikiangalia jikoni hakuna mtu.

4. Kwa hiyo tunadai moja kati ya mawili. Mturudishie mchawi wetu kama tulivyomleta, pamoja na meno yake. Au mtupokee sisi jamaa wote nyumbani kwenu, Ndaya akitangulia. Sifa tunazo: tuna hasira, tunasema uongo, tunawatwika watoto vifo vyetu. Tukiwa hatujavunja sahani, ni kwa sababu sahani ni zetu. Mikeka tutakuja nayo.

Mpaka hapo, jibu la jamaa ni hapana.

Wasalimieni masista, mpishi na vijana wote wa duara. Mtukumbuke katika sala, hasa Ndaya, ingawa amekataza nisiliandike jina lake.

Wenu,
Numbi, mume wa marehemu Ngalula

Nyongeza: Jamaa wamesomewa barua, wameridhika, wamekwenda zao. Haya ni yangu. Kitanda cha Mwadi nimekifunga kamba mpya. Niambieni siku tu, nami nitamngoja kituoni, hata gari la moshi likichelewa mpaka kesho yake. Ndaya amerudi sasa hivi na shuka chini ya kitenge. Amesema, "Miye siko namutaka. Shuka iko ya baridi tu." Kisha akaketi kwenye kile kiti, na bado yupo. Kifuniko sijakitumia. Mwambieni Mwadi baba yake anamkumbuka, naye anikumbuke.