Bakteria Wangu na wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kanipita tena! Huyu ni mdogo wa mke wangu, ana miezi mitatu tu hapa maabara. Bosi anamwita "mwanangu". Mimi, mwaka wa kumi na moja huu, ananiita "wewe". Sasa tunashindanishwa. Kila mmoja ana bakteria wake wa kugandisha maziwa, aliowatoa kwenye maziwa tuliyokusanya pamoja; watakaothibitika kuwa salama ndio watakaotumika kiwandani. Nyumbani mke kauliza kama nimeona mdogo wake anavyong'ara. Nimeona. Chakula hakikushuka. Sahani mbili tu.

Jumatano, 5 Machi
Jana tuliwaotesha kwenye visahani, tukawawekea vikaratasi vyenye dawa za kuua vijidudu. Leo majibu. Wa shemeji wamekufa kuzunguka kila kikaratasi. Dhaifu! Wangu? Hakuna dawa iliyowagusa! Nikapiga makofi, nikatangaza kuwa nina mashujaa. Bosi akavua miwani. Akasema hiyo ndiyo hatari yenyewe: wakifika tumboni mwa mlaji, wanaweza kuwapa vijidudu vya maradhi huo ukaidi, halafu mgonjwa atibiwe kwa dawa gani? Shemeji akanitazama kwa huruma. Huruma! Afadhali angecheka.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji kaniombea kwa bosi tupime upya, eti huenda kisahani changu kilikuwa na kasoro. Kujifanya mwema mbele za watu! Bosi kakubali. Walipokwenda kunywa chai nikabandua lebo za chupa zetu za bakteria, nikazibadilisha. Lebo zilikaa sawa.

Ijumaa, 7 Machi
Ushindi! Bakteria "wangu" wamekufa vizuri kabisa. "Wa shemeji" hawajaguswa. Machozi yakamlenga. Nikampa pole, tena kwa sauti. Kisha bosi akainamia hadubini, akaniita.
"Wewe, bakteria wako wana umbo gani?"
"Mviringo, bosi."
"Hawa ni vijiti. Walilala mviringo wakaamka vijiti?"
Nikasema labda wamenyooka kwa furaha.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepewa kuosha vyombo vya maabara, mwezi mzima. Nilikuwa nifukuzwe; shemeji ndiye aliyenitetea. Mke kaninunia. Mchana shemeji kaja nyumbani na nakala ya ripoti yake. Kaniandika humo kama mwenzake. "Shemeji, maziwa tulikusanya wote," kasema. Nikashukuru.
Alipoondoka nikaisoma tena. Jina langu liko chini ya lake. Chini! Na ripoti yenyewe iko mezani kwa bosi, haijatiwa sahihi bado. Jumatatu nitafika kazini kabla ya mtu yeyote.