Bata Wamenikondea

Jumatatu, tarehe 7

Nimesali, nimeoga, sasa niseme. Mdomo wangu utaniponza. Nilimwambia baba wa mchumba wa binti yangu kwamba bata wangu wamenona kama mito ya kulalia, hata kutembea wanaona uvivu. Kumbe mkwe anapenda bata! Anakuja Jumamosi na ndugu zake kuwala, na kuamua kama sisi ni watu wa kuoana nao.

Siri ya unene wa bata ni makombo. Mimi ni mpishi wa shule, na ndoo ya makombo ya bwalo hurudi nami nyumbani. Leo imerudi nyepesi mno! Kuna msichana wa kidato cha pili, tunamwita Mizani. Ameanzisha chama cha kupinga chakula kutupwa. Anapima ndoo, anaandika kilo ubaoni mlangoni mwa bwalo. Na kila mwanafunzi sasa anataja anachotaka: nusu au kamili.

Bata wamenitazama kama wanaonidai.

Jumanne, tarehe 8

Mbinu! Anayesema nusu, nampakulia mlima. Mmoja akalalamika, anko, nimesema nusu! Nikamwambia kula mwanangu, bado unakua. Raha iliyoje!

Halafu Mizani akaweka meza katikati: aliyezidishiwa apunguze hapo kabla hajaonja, mwenye njaa ajichukulie. Wachezaji wa mpira wakaishukia kama nzige. Kwenye ndoo nimekuta kijiko cha shule. Basi.

Jumatano, tarehe 9

Mola anisamehe. Nimezidisha chumvi kwenye maharage, makusudi. Ndoo ikafurika! Nikaimba njia nzima.

Bata wakala, wakamaliza karai la maji, wakaharisha hadi jua likazama. Wamekonda kuliko asubuhi.

Na ubaoni Mizani ameandika: kilo thelathini na moja, sababu: mpishi. Sababu mpishi! Mimi! Msaidizi wangu, anayekitamani cheo changu tangu aajiriwe, amesoma kwa sauti, mara mbili. Kisha akaniuliza kwa upole: mzee, macho bado yanaona? Chumvi nitie mimi?

Alhamisi, tarehe 10

Leo nimepika kwa hasira. Maharage laini, kitunguu kikanukia hadi barabarani. Watoto wamekwangua sahani, wakaja kuomba ukoko wa wali. Nikawagawia kwa majivuno. Mizani akaandika: sifuri. Bwalo zima makofi! Mwalimu mkuu akanipa mkono, nikainama kama bwana harusi.

Nilikuwa nimefika getini nilipowakumbuka bata.

Ijumaa, tarehe 11

Nimewaogesha kwa sabuni ili manyoya yafumuke. Yamefumuka. Kwa mbali ni mito kweli. Ukigusa, mkono unazama hadi mfupani.

Mama watoto anasema nimpigie mkwe simu, nimwambie ukweli. Nimemjibu kwamba ukweli una wakati wake.

Jumamosi, tarehe 12

Wamekuja. Mkwe akamnyanyua bata mmoja, akampimapima mkononi, akauliza: mwenzangu, huyu ni bata au mwavuli? Ndugu zake wakaangua kicheko. Binti yangu akainama, machozi yakimlengalenga.

Nikafungua mdomo ule ule. Nikasema hii ni mbegu ya kigeni. Wembamba ndiyo sifa yake. Nyama tupu, mafuta hakuna, watu wenye presha wanaitafuta kwa tochi.

Mkwe akanikazia macho. Akasema yeye ana presha.

Wamekula, wamelamba vidole, wamekubali ndoa! Binti kanikumbatia. Mungu ni mwema, hata kwangu.

Jumapili, tarehe 13

Nimetoka kusali, moyo mweupe. Mkwe amepiga simu. Amewasifia wenzake ile mbegu. Siku ya harusi wanataka bata sita, wembamba vile vile. Nimesema ondoa shaka.

Mama watoto kauliza: ndoa si wamekubali, mwambie basi ukweli, unangoja nini? Hana mipango, maskini.

Jioni Mizani amebisha hodi na chama chake. Msaidizi amewaambia bata wangu wanashinda njaa. Wamenionea huruma, wakaona maganda yote ya jikoni nayo yasitupwe. Wameniletea gunia zima, na kila siku wataleta jingine. Nimeshukuru kwa heshima zote.

Bata wamelivamia gunia, hawashikiki.

Hakuna neno. Kesho alfajiri, baada ya sala, naanza kuwakimbiza bata mbio. Nimeshaazima filimbi.