Malalamiko Kuhusu Kompyuta Nne Zinazosinzia Ndani ya Moja

Nengo, Gisenyi
14 Septemba 1999

Kwa kaka yangu Rutagengwa, fundi wa kompyuta, Dar es Salaam.

Kaka, shikamoo. Sisi wazima, mvua imeanza, na Mama anakusalimu. Baada ya hayo, nasikitika kukuarifu kwamba kompyuta ya mkononi uliyonitumia ni mvivu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu yenyewe tangu asubuhi bado inafikiria.

Unajua mimi ni katibu wa chama cha wakulima wa viazi wa Mudende. Kazi niliyopewa ni moja: orodha ya kugawa mbegu. Isipotoka kabla ya mwisho wa mwezi, mbegu zitaozea ghalani, na wajumbe watampa mwanachama mwenzetu Pulchérie ukatibu. Pulchérie ana daftari na kalamu, basi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinisifia ile programu inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, kila moja na dirisha lake, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Wajumbe wetu wanne waliposikia, kila mmoja alitaka yake. Ningefanyaje? Nikawakatia umunani, kama baba anavyowagawia wanawe shamba: megabaiti kumi na sita za kumbukumbu kila mmoja, sawasawa, asinune mtu. Hukuniambia kwamba kompyuta haijui haki.

2. Zote nne zinawaka kutwa nzima. Uliniandikia nizime zisizotumika. Yewe kaka, umekaa pwani mno. Nizime ya mzee Bizimana, mwenyekiti wetu, naye yu hai na ameketi mbele yangu? Ukoo mzima ungekuja kuniuliza amefariki lini.

3. Nabonyeza herufi, naenda kunywa chai, narudi, herufi haijafika. Jana Pulchérie aliandika majina ya wakulima wa kilima kizima huku mimi nikikodolea macho kile kichupa cha mchanga cha kwenye skrini kinachosema subiri. Mzee Bizimana, ambaye amekulia Masisi kule Kongo, akasema, "Mashini ya kaka yako iko nalala, donc na sisi tulale?" Wakacheka. Nami nilicheka, ila niliumia, maana tai ya ukatibu nimeshaizoea.

4. Nimefuta mafaili, nimepangusa vumbi, nimeipepea kwa ungo. Imebaki sababu moja tu. Mwamba ngozi huvutia kwake: ile yenye nguvu umebaki nayo wewe.

Kwa hiyo naomba kwa heshima unitumie kompyuta kubwa zaidi, ili hii niiweke ndani yake kama ilivyo, na zile nne tumboni. Vilevile uwaandikie wajumbe barua ya kuwaomba radhi, ukieleza kwamba katibu hana kosa lolote.

Msalimie shemeji, watoto, na yule jirani yenu mwenye mbuzi. Mama anasema ule vizuri.

Ni mimi mdogo wako, mwenye subira ya kulazimishwa,
Nzabonimpa
Katibu (hadi mwisho wa mwezi)

Tanbihi: Nimefungua ukurasa wa mgawanyo wa kumbukumbu ili ninakili tarakimu ziwe ushahidi, Pulchérie akinisomea. Jumla ni megabaiti 128. Wajumbe wanne, 64. Chini kabisa kuna mashine ya tano: "Katibu, binafsi", 48. Ndiyo, nilijikatia kwanza kabla ya kuwagawia wengine, kisha nikasahau. Ndani yake mchezo wa karata uko wazi tangu wiki iliyopita, na ninashindwa. Kompyuta yenyewe, inayotubeba sote, nilikuwa nimeiachia 16. Nimeizima hiyo yangu, na zile nne zimeamka papo hapo. Orodha inachapwa nikiandika haya. Ile methali naomba uifute, barua naituma hivyo hivyo kwa kuwa karatasi zimekwisha. Pulchérie alifungua daftari lake la kikao, akaandika sababu ya kuchelewa pamoja na jina langu, na kalamu yake haikusita hata kidogo.