Mgombea Msibani kwa Tito

Jumatatu, 6 Machi 2006

Nimeamua. Nagombea uenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania! Dunstan, bosi wangu wa zamani kule Toronto, alianza hivi hivi: wakili wa kesi za wapangaji, mwenyekiti wa mtaa, leo anaongoza chama cha taifa zima. Mimi nami ni wakili. Wa Kanada, basi. Hapa Maryland nabeba mafaili tu, mahakamani Upper Marlboro. Siri yake aliwahi kuniambia: usikose msiba hata mmoja. Shika mikono, sema machache, ondoka kabla hawajakuchoka.

Mpinzani wangu ni Honorata, muuguzi. Hajawahi kuhutubia hata kuku.

Alhamisi, 9 Machi

Mama yake Tito amefariki Moshi. Maskini Tito! Nilipohamia hapa Lanham sina pa kulala, alinipa chumba chake, yeye akalala kwenye kochi. Nililia kwelikweli garini. Kisha nikafuta machozi, nikaingia kwake.

Nyumba imejaa! Nikashika mikono yote, nikaeleza kwa kifupi mipango yangu ya maendeleo, nikaaga kabla ya chai. Tito akauliza kama kweli naondoka. Nikamwambia nawahi kikao mjini Columbia.

Honorata nilimwacha jikoni anasugua masufuria. Nasikia analala huko huko. Hotuba, hata neno! Namwonea huruma.

Jumapili, 12 Machi

Uchaguzi leo: Honorata kapata kura za ukumbi mzima. Mimi kura moja. Si yangu, maana kiungwana nilimpigia mpinzani, kama alivyokuwa akifanya Dunstan. Nikamshukuru mke wangu Flaviana. Akasema nisimshukuru, naye kampigia Honorata, tena aliona aibu kukaa na mimi.

Jumanne, 14 Machi

Tito amekuja. Kura ile ilikuwa yake. Alisema hakutaka niumbuke mbele za watu. Akasema pia kwamba siku ile hakuhitaji maneno, alitaka tu nikae naye. Iliniuma sana, na bado inaniuma.

Nimetafakari jioni nzima. Kosa nimeliona: Watanzania wananijua mno.

Jirani yetu Mkongo, Macaire, ana mjomba amelazwa hospitalini, na hali yake si nzuri. Jumuiya yao inachagua viongozi Mei. Nimeanza kuandika hotuba. Kwa Kifaransa.