Keria ya Baiskeli

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Nimeamua! Jumamosi tunakwenda kwa mama mkwe, na baiskeli ya Chiriku wangu itakwenda juu ya gari, imesimama, watu waione. Mara ya mwisho watoto wa wifi walikuwa wanazunguka uwanja mzima na baiskeli zao, mwanangu anawakimbilia kwa nyuma na ndala mkononi, anacheka ili nisijue kwamba anataka kulia. Nilijua. Sasa anayo yake, nyekundu, kajifunza mpaka magoti yameisha ngozi. Haachwi tena.

Wifi ana keria juu ya gari lake, baiskeli zinakaa kama maharusi. Nimempigia nimuulize ni ya aina gani. Akasema, wifi yangu, hiyo inataka gari lenye mabega. Mabega! Nimekata simu, nikaunguza maharage.

Jumanne

Nimefika duka la vipuri kabla halijafunguliwa, kitindamimba wangu Kibonge mgongoni. Muuzaji anazo za kubana milangoni, za kufunga kwenye reli za paa, na za kuning'iniza nyuma kwenye buti. Nikawa naitikia kwa kichwa kama fundi. Akauliza gari letu lina reli? Nikamwambia lina kila kitu. Kurudi nyumbani nimepanda kiti nikatazama. Paa tupu kama kipara! Reli hata ya dawa hakuna. Buti lenyewe tunalifunga kwa kamba.

Baba Chiriku akasema kwa nini tusifungue tairi la mbele, baiskeli ikalala kiti cha nyuma. Nikamwambia mwanangu hafiki kwa bibi yake na baiskeli iliyokatwa mguu. Akaenda kuoga. Mtu akienda kuoga ameshindwa.

Jumatano

Situlii. Nimefagia uwanja, nikaufagia tena. Halafu nimepata muuzaji wa kwenye simu, analeta mpaka mlangoni. Nikamwambia bila kuzunguka, nataka keria ya baiskeli. Akauliza baiskeli yenyewe saizi gani. Ona mtu makini! Nikamwambia ndogo, ya mtoto. Akasema ipo, kesho utakuwa nayo. Hakuuliza reli. Hakuuliza mabega.

Nimempigia wifi kumsalimia tu, na katika kusalimia nikataja kwamba keria yetu iko njiani. Akasema haya, tutaona. Tutaona kweli!

Alhamisi

Imekuja. Kifurushi kidogo. Nikasema ni ya kukunja, mambo ya kisasa. Kufungua: kichuma cha kufunga nyuma ya baiskeli, cha kupakia mzigo. Keria ya baiskeli! Si ya kubeba baiskeli, ya kubebwa na baiskeli.

Nimempigia yule mtu kwa ukali. Akasema, mama, umeomba keria ya baiskeli, nimekuletea keria ya baiskeli, ungetaka ya gari ungesema ya gari. Baba Chiriku amecheka mpaka akakaa chini. Chiriku hakucheka. Aliniuliza polepole, mama, kwa hiyo nitakimbia tena? Nikamwambia labda jua litoke magharibi.

Ijumaa

Mpango mpya! Nimempelekea fundi wa kuchomelea kichwa cha kitanda chetu cha chuma, kile chenye maua. Akauliza, na kitanda je? Nikamwambia fanya kazi. Alasiri keria iko juu ya gari, imekazwa kwa mipira iliyopita madirishani, maua yanang'aa. Jirani kasimama kutazama. Roho yangu kwatu! Nikamwambia Baba Chiriku alitoe gari nje tuijaribu kabla ya kupandisha baiskeli.

Geti letu lina boriti juu.

Gari limepita. Keria imebaki, inaning'inia kama shati lililosahauliwa kwenye kamba. Jirani akasema hongera, sasa mna geti la maua. Baba Chiriku ameuliza tu mto wake utaegemea wapi.

Jumamosi

Nimeamka nimekuta baba na mtoto wameshafungua tairi. Spana moja! Wamemaliza kabla chai haijachemka. Na kile kichuma changu wamekifunga kwenye baiskeli, eti kisipotee bure. Nimenuna. Chiriku kalikumbatia tairi lake njia nzima, analizungusha kama usukani, honi anapiga kwa mdomo.

Tumefika. Baiskeli za wifi ziko juu, zimesimama. Yetu inatolewa vipande vipande. Wifi akasema, kumbe keria yenu ni ya ndani?

Lakini! Kale kadogo ka wifi, ambako hakana baiskeli, kakaona kichuma, kakaomba kupakiwa. Chiriku akakapakia, wakaenda taratibu, kanapiga kelele za raha. Basi wakubwa nao wakazilaza baiskeli zao wakaja kupanga foleni, maana za kwao hazina pa kupakia mtu. Aliyekuwa anachagua ni mwanangu. Wewe panda. Wewe subiri. Wewe umeshapanda, usinifanye mjinga. Nimegeukia ukutani nikafuta macho. Vumbi lile.

Wifi akaja kuninong'oneza, keria ile umeitoa wapi? Nikamwambia, wifi yangu, niliagiza maalumu.

Jumapili

Nilijua tangu mwanzo. Mipango yangu ina akili, ila inapenda kupita njia ya nyuma.

Sasa, Kibonge naye akishaanza kutembea atataka baiskeli, na baiskeli mbili hazilali kiti kimoja. Kwa hiyo nimempigia tena yule muuzaji, na safari hii sikumwachia mwanya. Nikamwambia nataka keria ya gari. GARI. Akauliza gari saizi gani. Nikamwambia dogo. Akauliza, dogo kama la mtoto? Nikamwambia umepatia, hata ukiliona utasema la mtoto. Akasema ipo, kesho kutwa utakuwa nayo.

Baba Chiriku ameniuliza nacheka nini. Nimemwambia aanze kuikata boriti ya geti.