Fagio la Damu

Bwana Afya alimwona fundi cherehani akijishika kiuno. Aliona pia koti jipya la kijivu likining'inia nyuma yake, mteja aliyelishonesha ameshaingia mitini. Akalitamani. Kesho alikuwa anaenda kuposa, na alichokuwa nacho ni shati lililotoboka na kikapu cha chupa za juisi ya bitiruti, aliyoiuza kama dawa kwa jina la Fagio la Damu.

"Shangazi, hicho kiuno ni sumu," alisema kwa huruma ya kuazima. "Kunywa hii. Ukienda msalani utaiona inatoka, nyekundu! Ikitoka, koti langu. Isipotoka, hatudaiani."

"Kunywa na wewe basi, mwanangu. Nitakunywaje peke yangu na mgeni yupo?" Fundi akamfutia kiti vumbi, akamkatia na mkate.

Bwana Afya akanywa bila wasiwasi. Tangu utotoni, akila bitiruti, mkojo wake hutoka mwekundu, naye aliamini kila tumbo ni kama lake. Hakujua kwamba matumbo mengi huivunja rangi ile humo humo ndani, isibaki hata chembe ya kutoka nje.

Jioni fundi alirudi kutoka msalani akichekelea. "Maji matupu! Sina sumu, mwanangu!"

"Haiwezekani!"

"Basi tukuangalie na wewe."

Majirani waliokusanyika uani wakampa kopo. Liliporudi, ua mzima ulishika mdomo.

"Jamani, mganga mwenyewe anaoza!" kinyozi akapiga kelele.

Bwana Afya akapiga hesabu. Koti alishalikosa; kusema kweli ni kuyaaga na meno ya mbele.

Fundi machozi yalimlengalenga. Alimlaza mkekani, akamfunika shuka yake nzuri, akafungua chupa. "Kunywa, baba. Hatukuachi."

Alikunywa. Akaenda. Ikatoka nyekundu zaidi.

"Inatoka! Mwongezeeni!" walishangilia, na kila mmoja alitaka thawabu ya kumshikia chupa. Kikapu kikapungua, tumbo likavimba, na bado walimbembeleza.

"Shangazi," alinong'ona hatimaye, "hii ni bitiruti tu. Nimeisaga mwenyewe nyumbani."

Fundi akamwekea kiganja kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Maskini, sumu imeshapanda kichwani," akawaambia majirani. "Fungueni mbili mbili."