Askari wa Ndani ya Yai

Watu wa Unguja walipewa habari nzito mwaka 1969: Idara ya Vibali Vyote, ile inayotoa vibali hata vya kuogelea, imegundua kuwa ndani ya mayai ya kuku mna askari wasio na kibali.

Mgunduzi alikuwa Mkuu wa Idara mwenyewe, Ndugu Makungu. Alikwenda Mtoni kukagua mapazia ya maabara ya Bi Biasha, akainamia darubini, akaona mguu wa kifaranga asiyeanguliwa, na ndani yake vidude.

"Nini hivi?"

"Seli nyeupe, Ndugu Mkuu. Askari wa mwili."

"Adui wao nani humo?"

"Hawana. Vidole vya kifaranga huanza vimeshikana kwa utando. Kazi ya utando ikiisha, seli zake hufa zenyewe, na askari hawa wakazila. Ndipo vidole vikaachana."

"Mbona bata ana utando?"

"Bata bado ana kazi nao. Anaogelea."

Ndugu Makungu alisikitika kwa niaba ya serikali. Askari hana adui, hana kibali, na anakula raia! Bi Biasha ajieleze kwa maandishi, nakala tatu, la sivyo Ijumaa maabara inafungwa na mayai yanakwenda jikoni. Bi Biasha, aliyeipata darubini ile kwa barua za maombi za miaka miwili, aliumia hasa. Akaandika kweli tupu.

Sasa, Ndugu Makungu ripoti huisoma sentensi ya mwisho tu. Mkuu hana wakati wa zilizotangulia. Ya mwisho ilisema: "Utaratibu huu ni wa lazima ili kiumbe kikamilike." Ikampendeza. Akaandika kwa wino mwekundu: "Nakubali. Utumike na Idarani kwangu, kuanzia leo." Akapiga muhuri, akaipeleka juu.

Huko juu, kwa bahati mbaya, alikuwapo mtu anayesoma tangu mwanzo. Akauliza kazi ya Idara ya Vibali Vyote ilikwisha lini. Hakuna aliyekumbuka.

Jumatatu wachukuzi walifika Idarani, wakabeba meza, kiti na muhuri. Maabara haikuguswa.

Ndugu Makungu akarudi Mtoni, mpole kama si yeye.

"Bi Biasha, niongezee sentensi moja tu. Andika kuwa mimi bata."

Bi Biasha hakuinua jicho kwenye darubini. "Unajua kuogelea?"

"Ntajifunza. Lakini kibali," akasema kwa huzuni, "kilikuwa kinatoka ofisini kwangu."